Homa ya Majani Iliyomshika Mjukuu Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi mliofika hapa leo na pumzi zenu nzima, bila kuzipigania njiani, semeni amina. Mimi ni Mama Mwangi wa Mweiga. Shule sikuiona, lakini jina la mtu aliyenitendea mema halinipotei, na leo nitawataja wote, maana Mungu aliwatumia hao kuniokoa.

Uhuru ulikuwa umeshapita miaka zaidi ya kumi. Sisi na mzee wangu Gathogo tulikuwa na ng'ombe watatu, Njeru, Kiarii na Rehema, na banda la majani makavu ambalo mzungu mwenye shamba aliliacha alipoondoka. Mwanangu Mwangi akatuletea binti yake wa kwanza kutoka Gakindu, akae nasi na kusoma. Alikuwa na miaka kumi na minne. Anaitwa Nyawira, kwa jina langu mwenyewe, maana kwetu binti wa kwanza humrudisha mama ya baba yake. Ndugu zangu, mtoto mwenye jina lako akiugua, ni kama unajiona wewe mwenyewe umelala pale.

Huko Gakindu hakuwa na shida. Kwangu, mvua kubwa ilipoisha na majani yakaanza kutoa maua, akaanza kupiga chafya. Kumi, kumi na tano, bila kupumzika! Macho mekundu, pua inatiririka, anajikuna mpaka kooni. Halafu ugonjwa ukashuka kifuani. Alipopanda ule mlima mdogo wa kutoka mtoni, ulisikia kifua chake kikilia kama birika linalotaka kuchemka. Walimu wakasema hawezi kukimbia na wenzake. Watoto wakamwita Filimbi.

Mimi nilisema ni baridi ya milima ya Nyandarua. Nikampaka mafuta ya kondoo. Nikamkalisha karibu na moto, moshi wote unamwingia, nikidhani ninampasha joto. Na kwa sababu nilimpenda, nikamtengenezea kitanda kizuri kuliko chetu: kila Jumamosi nilimwaga majani ya zamani kutoka kwa gunia lake la kulalia, nikajaza mapya, makavu, yanayonukia vizuri. Na kila jioni nilipiga magoti juu ya godoro hilo na kusema, Bwana, mwondolee mtoto huyu ugonjwa!

Nikampeleka dispensari. Daktari wa pale, Bwana Gichuhi, alikuwa na watu wengi mlangoni, lakini alimsikiliza kifua vizuri. Akanipa vidonge, akasema, "Mama, hii ni homa ya majani. Umweke mbali na majani kabisa. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo daktari. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma. Ndugu zangu, sikuelewa! Lakini nyuma yangu kulikuwa na akina mama wa kanisa letu, na niliona aibu kuuliza.

Sasa mimi, mtu akisema majani, nafikiria nini? Nafikiria pakiti iliyo juu ya rafu, majani ya chai! Nikafika nyumbani nikaificha. Nyawira akawa anakunywa maziwa matupu, na sisi tunakunywa chai nje, nyuma ya nyumba, asije akasikia harufu. Gathogo akanung'unika, "Ati chai ndiyo inampigisha chafya? Mimi nimekunywa chai tangu nikiwa kijana na napumua." Nikamwambia anyamaze, daktari amesema.

Mtoto hakupona. Vidonge vilipoisha akawa mbaya zaidi. Aliniambia siku moja, "Cucu," maana kwetu bibi ni cucu, "hata chai nimeacha, na bado nakufa." Nikamwambia hana imani. Mungu anisamehe neno hilo.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikamkuta kwa jirani yangu Mama Ngatia, ameketi na kikombe cha chai ya moto. Nilipandwa na hasira!

"Nyawira! Kumbe wewe ndiye unajiua mwenyewe!"

Mama Ngatia akasema, "Wacha mtoto, Mama Mwangi. Ni chai, si pombe."

"Kwake ni sumu," nikasema. Nikamwita mwizi mbele ya watu. Na ili ajifunze, nikamwambia, "Leo sikujazii kitanda. Nenda bandani, ujaze godoro lako mwenyewe. Na ulijaze likazike!"

Alichukua gunia lake akaenda. Alikuwa mtoto mtiifu. Mimi nikawa nakamua Rehema. Haikupita muda nikaona ndoo inanichosha mkononi, moyo unaniambia nenda ukamwone. Nikamkuta ameinama mlangoni mwa banda, mikono imeshika magoti, vumbi la majani limemjaa kwenye nywele, midomo imegeuka rangi ya majivu. Alitaka kuniita, neno halikutoka. Hewa haikuingia. Hata ile filimbi ilikuwa imenyamaza.

Nililia kwa sauti, Yesu! Yesu! Na barabarani, ndugu zangu, lori la maziwa lilikuwa linasimama kwenye lango letu saa ile ile. Dereva, Kiragu wa Chaka, hakuuliza swali. Alishusha mikebe ya maziwa iliyokuwa kwenye kiti cha mbele, akampandisha mtoto hapo, akaniambia, "Mshike aketi wima, cucu, usimlaze." Maziwa ya watu yalibaki kando ya barabara mpaka yakaganda, na hakuna aliyemlaumu.

Kule hospitali kubwa ya Nyeri walimdunga sindano, wakamwekea hewa ya mtungi. Nikasimama ukutani nikihesabu mabega yake, yanapanda, yanashuka. Yakaanza kushuka polepole. Bwana asifiwe!

Ndipo muuguzi mmoja, Sista Wairimu, akanijia.

"Cucu, mtoto alikuwa kwenye majani?"

"Nilimkataza, sista. Aliyaiba kwa jirani."

"Aliiba majani? Ya nini?"

"Ya kunywa. Kikombe kizima."

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akashika kitanda. "Si ya chai, cucu! Majani ya ng'ombe! Vumbi lake na ule unga wa maua yake. Akivuta, kifua kinafunga."

Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Sista, analala juu yake."

Akaacha kucheka. Akanishika mkono, tukaketi. Siku hiyo niliuliza kila kitu, na nisipoelewa nikasema sijaelewa, arudie. Alirudia mara tatu. Kisha nikaenda kitandani kwa mjukuu wangu, nikamwomba msamaha, mimi cucu yake, mbele ya wagonjwa. Akaniambia, "Sasa naweza kunywa chai?"

Mwangi alileta godoro la sponji kutoka mjini. Gathogo akahamishia banda upande wa chini wa shamba. Majani yakikatwa, Nyawira habanduki ndani, na madirisha yamefungwa. Vidonge anameza wakati wa maua, na kidude cha kuvuta dawa alichopewa hospitali hakimtoki mfukoni. Kuna waliosema kama ameombewa, atupe dawa. Nikawajibu kwamba aliyemleta Kiragu kwenye lango langu ndiye aliyemweka Sista Wairimu mle wodini.

Wiki ya pili tangu arudi nyumbani alilala mchana baada ya kanisa. Niliweka sikio langu mgongoni mwake. Nikasikiliza. Hakuna kilio, hakuna filimbi, kimya tu, na mgongo unapanda na kushuka. Sijawahi kuimbiwa wimbo mtamu kuliko kimya kile.

Ninamshukuru Mungu, ambaye hakunihesabia ujinga wangu. Ndugu yangu, kama uko na mtoto anayelia kifuani, mtegemee Bwana, na usione haya. Njoo kwangu Mweiga, nyumba yenye lango linaposimama lori la maziwa. Tutaomba sote, lakini tutaomba tukiwa njiani kwenda hospitali.