Nafasi Tupu Kwenye Barua ya Joselyne

Benchi la mbele ya kibanda cha Sultani fundi cherehani, pale Kamembe barabara inapoanza kuteremkia mpakani, lilitengenezwa na Ndizeye seremala, na kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kulikalia. Wenzake humwita Rabo, jina la chombo chake cha kulainishia mbao, kwa sababu akikasirika maneno yake huparua vilevile. Siku hiyo aliamka amekasirika. Mkononi ana kikombe cha kahawa ya tangawizi, gotini ana barua. Binti yake Joselyne, mwenye shahada ya ustawi wa jamii, amepewa kazi na shirika moja la kulinda watoto kule Ruhwa, lile alilofanyia mafunzo ya kazi, franga elfu tisini kwa mwezi, na jibu linatakiwa kabla ya saa sita mchana. Jibu ndiyo hiyo barua, na Rabo ameiandika mwenyewe: “Sitakuja kazini msiponilipa franga...” kisha nafasi tupu, kisha “kwa mwezi”. Joselyne alitia sahihi jana jioni, kichwa chini, akauliza kitu kimoja tu, “Papa, na Mahoro je?” Rabo akamwambia mambo ya marafiki yangoje, hapa tunaongea kazi. Sasa amekuja kwa wanaume wenzake waijaze ile nafasi.

— Elfu makumi kenda! Rabo akafoka. Miye niliuzisha shamba ya Rwimbogo na miti yake yote. Miaka ine nalipa minerval ya masomo. Halafu banaletea mutoto wangu makumi kenda?

— Miye na hii moto yangu napitisha ile, akasema Gad. Gad hubeba abiria kwa pikipiki, na jina lake la benchini ni Waziri, maana hakuna jambo la serikali ambalo hajalikatia shauri. — Na sikusoma ata kitu. Niko na permi ya kuendesha tu.

— Ukitoa petroli? Sultani akauliza, macho kwenye kitambaa.

— Mzee Sultani, usiingize petroli mu mambo ya masomo.

— Bamulipe elfu mia moja makumi tano, akasema Kamali. Huyu alilinda mlango wa benki miaka miwili, wakamwita Gavana, na tangu hapo huzungumza habari za riba kama aliyezizaa. — Njo bei ya heshima.

— Ya heshima ya nani? Rabo akamgeukia. Mu soko unaomba bei unayotaka? Unaomba mara mbili, banakushusha, munakutana katikati. Nikiandika mia moja makumi tano, batamurudisha kwa makumi kenda!

Hilo hakuna aliyelibisha. Katika maisha yake yote Rabo hajauza kitanda kwa bei ya kwanza, wala hajalipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata ya nyanya. Mtu anayekubali bei ya kwanza humwona kama amevuliwa nguo barabarani.

— Basi andika mia tatu, akasema Gad.

— Ngoja, ngoja, akasema Kamali. Ile miti ya shamba yako, ungeiacha, saa hii ingekuwa mirefu namna gani? Miti inakomeaka kila mwaka. Ile njo riba. Weka riba ya miti. Mia tano!

— Na ile staji! Gad akadakia. Miezi sita alitumika bure, anaenda Ruhwa asubui, anarudi jioni, ata maji ya kunywa anabeba ya kwake. Bamulipe na ile. Mia sita!

— Na toga! akaongeza Kamali. Ile nguo ya siku ya diploma ilikodishwa!

— Mia sita makumi tano! Gad akajumlisha.

Sultani akasimamisha cherehani. Yeye ni mtu wa maneno machache, na kahawa ni ya thermos yake, kwa hiyo wakinyamazishwa naye hunyamaza.

— Rabo, mwanako anafanyaka nini kule Ruhwa?

— Anaongeaka na bantu.

— Anabaambia nini?

— Anabasikiliza.

— Kusikiliza! Gad akapiga paja. Miaka ine ya kusikiliza? Miye niko na masikio mbili, na hakuna alienilipia minerval!

Gad alicheka, Kamali akacheka, lakini Rabo lilimchoma. Siku ya diploma alicheza mbele ya watu wote kwa koti la kuazima. Aliwaambia mafundi wote wa Kamembe kwamba baada ya mwaka mmoja Joselyne angemnunulia mashine ya umeme ya kukata mbao, na bado anakata kwa mkono, na kila fundi anayepita humuuliza mashine imefika wapi. Hata hiyo shahada yenyewe watu wa hapa huiita A ziro. Alilipa milioni mbili na nusu kwa kitu chenye ziro ndani yake, na hasira hiyo haikumtoka hata kwa kikombe cha tatu.

— Cheka, Gad, akasema. Siku batoto bako batamaliza, nitakuja kucheka pia. Alisoma usiku na mchana. Macho yake yaliharibika, sasa anavaa lineti. Na bale bakubwa ba biro banatembea mu gari yenye kioo cheusi, banamutuma mu matope, banasema hakuna makuta ya kumulipa. Iko makuta ya gari! Iko makuta ya mikutano na ma-fanta! Makuta ya Joselyne njo haiko!

— Kweli, akasema Sultani polepole. Pale unasema kweli.

— Basi niandike ngapi?

— Milioni, akasema Kamali.

— Milioni?

— Milioni moja. Ukisema milioni bataogopa. Muntu akiogopa analipa.

Rabo akachukua kalamu ya Sultani, ile ya kuchorea vipimo. Akaandika moja. Mkono ukasita kwenye ziro ya kwanza, maana kivuli cha mtu kilikuwa kimeangukia karatasi.

Alikuwa mama mzee mwenye viatu vya plastiki vyenye udongo mwekundu. Alisalimu mmoja mmoja, kama mtu aliyekuja kuomba kitu kizito.

— Samahani bapapa. Miye naitwa Mukamazimpaka, natokea Rwimbogo. Balinionesha hapa. Nani njo Papa Joselyne?

— Ni miye.

— Mungu akubariki, Papa. Natafuta Joselyne. Kule biro balisema hawajui kama atarudi. Na kesho njo siku ya mukutano.

— Mukutano gani?

— Wa mujukuu wangu. Mahoro.

Ndilo jina ambalo Joselyne alilitaja jana, na Rabo alidhani ni la rafiki. Akaiweka kalamu chini.

— Shangazi yake alimuchukua, yule mama akaendelea, anasema anamupeleka masomo. Kumbe anamubebesha mizigo kule mpaka. Mutoto wa miaka kumi na moja. Joselyne njo alimuona, akamurudisha kwangu. Karibu wiki tatu Mahoro hakusema ata neno. Joselyne anakuja, anaikala naye chini, anachambua maharagwe naye, anaenda. Siku ya makumi mbili mutoto akasema. Kesho anapaswa kusema mbele ya mukubwa wa kijiji, na shangazi atakuwa pale. Akimukosa Joselyne hatafungua kinywa. Batamurudisha kwa ule shangazi.

Gad hakuyataja tena masikio yake mawili. Sultani akamwelezea mama hali ilivyo: mshahara mdogo, barua, bei. Mama alisikiliza hadi mwisho.

— Bamulipe, akasema. Bamulipe vizuri, miye sikatai. Naye anapaswa kula. Akaitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma. — Na Joselyne mwenyewe anasema ngapi?

Gad akamtazama Kamali. Kamali akainua thermos, akaitikisa, ikawa tupu. Sultani akamtazama Rabo. Miaka minne alilipa, mwaka mzima aligomba, jana alimshikisha kalamu, na hilo swali halikuwahi kumtoka kinywani. Aliona aibu, na aibu ikachanganyika na hasira yake ya asubuhi, maana elfu tisini bado zilikuwa wizi.

Akaifuta ile moja kwa kidole kilicholowa kahawa mpaka karatasi ikachubuka. Akamkabidhi mama barua.

— Mupe Joselyne. Mwambie ajaze mwenyewe. Akitaka kupasua, apasue. Gad, washa moto yako, mupeleke huyu maman kwangu, Joselyne eko kule, mbio. Miye nakuja na miguu.

Gad akawasha. Mama akapanda, barua kifuani. Saa sita ilikuwa inakaribia.

— Na kurusi ya kumupeleka maman, Rabo? Unanilipa ngapi?

Rabo alimkazia macho kwa hasira yote aliyoamka nayo.

— Weye njo unafanya kazi. Sema weye.

Gad akataja bei. Ilikuwa kubwa, kila mtu benchini aliona. Rabo akatoa pesa mfukoni akamlipa yote.