Mkono Uishie Wapi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyie mliokaa kwenye mabenchi, asifiwe na nyie mliosimama mlangoni. Wazee wangu, shikamooni. Wengi mnanijua kama Mama Rhobi, yule anayejishonea nguo mwenyewe nyumbani. Leo nimeomba nafasi niwaambie kwa nini nilijifunza. Mchungaji amenipa dakika chache, na nimeshamwambia nitazizidisha.

Mimi sikusomea ushonaji. Sijakaa kwa fundi hata siku moja. Shangazi yangu aliponiachia cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, nilinunua gauni la mtumba mnadani, nikalifumua lote kwa wembe, nikatandaza vipande vyake juu ya gazeti sakafuni, nikachora kimoja kimoja. Gauni langu la kwanza lilitoka na mikono miwili ya kushoto. Binti yangu Rhobi alicheka mpaka akakaa chini. Nililivaa shambani nikapalilia mahindi nalo, na nilikuwa na furaha kweli. Ndugu zangu, ya kuchekesha yameishia hapo.

Mume wangu Marwa alikuwa ananipiga. Nalisema kwa ufupi kwa sababu hakuna namna ya kulisema vizuri. Chumvi ikizidi, kipigo. Ng'ombe wakichelewa kurudi, kipigo. Nikikaa kimya ili nisimkasirishe, kipigo, eti namnunia. Na magauni ya mtumba mnayajua, mikono mifupi na shingo wazi. Nilikuwa nakosa ibada mpaka alama zifutike, na nyie mkawa mnauliza kama naumwa. Ndipo nikajifunza kushona mkono mrefu. Ndipo nikajifunza kola ya kusimama, ile inayopanda mpaka karibu na sikio. Mlisema nina kipaji, nimejua haraka. Mimi nilikuwa na haraka yangu.

Sikilizeni na hili. Marwa ni mfanyabiashara wa ng'ombe, hakai nyumbani. Akishanipiga, safari inayofuata anapita Sirari mpakani ananiletea kitenge. Kitenge kizuri, si cha kuchuja. Anakiweka kitandani, anatoka. Nami nakishona na mikono inauma, Jumapili nakivaa, na mama zangu mnanipiga piga begani mkisema, "Mama Rhobi, wewe unapendwa. Kila mara kitenge kipya." Mnanipiga pale pale panapouma, natabasamu. Kabati langu lilijaa. Hata leo nikisimama mbele yake naweza kuwaambia kila gauni lilikuja kwa nini. Lile la majani ya kijani mnalolipenda ni la sikio. Sikio langu la kushoto halisikii tangu wakati ule, kwa hiyo mkinisalimia upande huu nikanyamaza, msidhani najivuna.

Nilienda kwa tata, baba yangu mzazi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti yangu, ng'ombe zile za mahari yako ndizo zilimleta mke wa kaka yako. Ukirudi hapa, kina Marwa wakazidai, nitazitoa wapi? Nimfukuze huyu na watoto wake?"

Mke wa kaka yangu anaitwa Wankuru, naye yupo hapa leo. Siku hiyo alikuwa jikoni anasonga ugali, nikasikia mwiko umesimama. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nilimtazama yule mtoto nikawaza, huyu yupo duniani kwa sababu mimi niko kwa Marwa. Nikachukua mfuko wangu nikarudi. Njia nzima niliomba, ndugu zangu. Nilimwomba Mungu anitoe, na kama hawezi kunitoa, anichukue.

Mungu hakujibu haraka, tusidanganyane. Nilipigwa nikiomba, nikaomba nikipigwa.

Halafu kwaya yetu ikataka sare mpya. Mwenyekiti akauliza tushone mtindo gani, kina mama wakasema, "Mtindo wa Mama Rhobi." Kola ya kusimama na mikono mpaka kwenye kiganja. Hapakuwa na ubishi hata kidogo, na mnajua kwaya hii inavyoweza kubishana juu ya soksi. Nilishangaa, lakini niliona fahari pia. Tukakubaliana nishone mimi, wao wanisaidie palizi.

Wakaanza kuja nyumbani kwangu kupimwa, mmoja mmoja. Sitataja jina la mtu, na nawaomba msigeuze shingo kutazamana. Mmoja nilipompitishia futi kwenye bega, akajikunja. Nikamuuliza, una nini? Akasema, "Niliteleza mtoni nikichota maji."

Ndugu zangu, maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu. Niliwahi kuwaambia nyie, pale pale mlangoni, hivyo hivyo. Nikashusha futi. Naye akaniambia polepole, "Mama Rhobi, wewe shona tu mkono ufike mbali. Si ndiyo maana tuliuchagua."

Tuliuchagua. Nikamuuliza, wewe na nani? Akageuka nimpime mgongo. Baada yake akaja mwingine, akaomba kola ipande kuliko yangu. Akaja na mwingine. Miaka yote nilidhani nimejificha peke yangu. Kumbe wenzangu walishaniona zamani, wakatamani na wao pa kujificha, na mimi nilikuwa nimeshika mkasi tayari kuwakatia.

Walipoondoka nilitandaza kitambaa nikashindwa kukata. Nililia mchana kweupe, mlango wazi. Nilisema, Mungu, kama hili ndilo jibu lako, ni chungu. Lakini nikaushika tena mkasi, na hilo silidai kuwa ni nguvu zangu. Nikaanza na sare yangu mwenyewe. Mikono nikaikata juu ya kiwiko.

Jumapili ile mliokuwepo mnaikumbuka. Nilisimama mstari wa mbele mikono ikiwa wazi, na wiki ile ilikuwa na rangi zote, nyeusi, zambarau na ile njano ya alama za zamani. Tukaanza kuimba. Sauti zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, mpaka kinanda kikabaki peke yake, nacho kikanyamaza. Mchungaji, unisamehe, na wewe ulitazama chini. Nikajua nimeshakufa, nikitoka hapa Marwa ataambiwa kabla sijafika nyumbani.

Ndipo Wankuru akainuka kutoka benchi la kina mama. Akaja mbele, akanishika mkono pale pale kwenye alama, akasema, "Twende nyumbani." Alikuwa anasema nyumbani kwa tata. Tulipita kwangu mbio, nikabeba cherehani.

Mnajua kwetu mke wa mwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe wake akamfokea. Wankuru hakuvunja heshima. Tulipofika akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, tata akiwa upande wa pili kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ambayo boma zima lilisikia, "Tata, ng'ombe zile zilinileta mimi. Wakija kuzidai, waanze na mimi. Lakini kitanda changu hakitalipiwa tena na mgongo wa huyu." Tata akaniita kwa jina langu la utoto, akaniambia niingize cherehani ndani isinyeshewe.

Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu. Mungu alimtuma yule niliyedhani ndiye mzigo wangu.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekaa sawa. Marwa na ndugu zake walikuja, maneno ya ng'ombe bado yako kwa wazee, hayajaisha. Rhobi ninaye. Mwanangu wa kiume, Mwita, wamebaki naye, wanasema ni wa ukoo wao. Namshonea kaptula kwa kukisia kiuno, nazituma, sijui kama zinamtosha. Hilo mniombee. Lakini nalala, ndugu zangu. Nikisikia hatua nje, ni mbuzi. Jina la Bwana lisifiwe!

Sasa itazameni kwaya. Leo ndiyo mara ya kwanza wamevaa sare zao, nimezimalizia kwa tata. Waliomba mikono mirefu, nimewapa mirefu, maana siwezi kumfunua mtu ambaye hajawa tayari. Baba zangu mlio hapa, nayasema haya mkisikia. Mama zangu, ule mstari unaozunguka juu ya kiwiko, mlioniambia asubuhi kwamba ni urembo mzuri, hapo sikupitisha cherehani. Hapo nimepiga bandi tu kwa sindano ya mkono, uzi mmoja wa kushikiza. Fundo lake liko kwa ndani.

Mwaminini Mungu aliyenitoa mimi. Na wewe dada yangu, siku utakayochoka, huna haja ya kunitafuta wala ya kutafuta mkasi. Ng'ata fundo, vuta uzi. Mkono wote unatoka.