Logi ya Alhamisi na Ijumaa

Basi la Dadaab lilikuwa limeshaiacha Garissa nyuma Hinda, muuguzi wa kliniki moja ya kambini, aliposikia mafundi wawili wa kompyuta wakibishana kwenye kiti cha mbele.

"Nimebadilisha namna ya kubana data tu, na logi imepungua nusu, wallahi," alisema Liban, fundi wa kliniki hiyo.

Hinda alitega sikio. Kila chanjo huandikwa kwanza kwenye logi, faili la kumbukumbu ndani ya mashine ya kliniki, kisha logi hutumwa Garissa kwa mtandao dhaifu. Mwezi uliopita ilikuwa nzito mno, ikakwama. Mashine ilipoharibika, kumbukumbu ambazo hazikuwa zimefika Garissa zikapotea, na watoto arobaini wakachanjwa upya.

"Ulipima lini?" aliuliza Mutua, mwenzake.

"Alhamisi kabla ya kubadilisha, Ijumaa baada yake."

"Basi umepima siku, hukupima mbano. Chukua kazi ileile, uiendeshe kwa mbano wa zamani, kisha kwa mpya."

"Walaal, ndugu yangu, nusu nzima haiwezi kuletwa na siku!"

Hinda akashindwa kunyamaza. "Alhamisi tulichanja watoto mia na sita. Ijumaa, kumi na mmoja."

Mutua aligeuka. "Kumi na mmoja, na logi bado ni nusu? Ingepaswa kushuka hadi karibu sehemu ya kumi. Liban, huenda umeinenepesha."

Liban akakaza uso. "Mbano wangu uko sawa. Abaayo, dada yangu, nipatie rejista ya Alhamisi. Nitaiendesha yote mara mbili mbele yenu."

"Na ukishindwa?" aliuliza Hinda.

Basi likasimama kwenye kizuizi. Askari akagonga mlango, akitaka vitambulisho. "Nikishindwa, narudisha mbano wa zamani," alisema Liban, akitoa chake.