Matuta ya Mzee Kipkemoi arap Sigilai wa Chebunyo

Shilingi elfu kumi na nane na mia nne za ruzuku ya matuta mzee hakula, na yule aliyesema hapo langoni asubuhi hii kwamba alikula, asikie sasa mbele ya mwili, kwa sababu familia haitasoma siku ya kuzaliwa kabla neno hilo halijaondolewa.

Marehemu Mzee Kipkemoi arap Sigilai alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Chebunyo, akasoma hadi darasa la tatu, karo ikakosekana, mengine akajifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Mwaka wa 1958 aliandikwa kazi katika shamba la majani chai upande wa Kericho, akachuma, kisha akapelekwa kiwandani kwenye boila, tangi la kuchemshia mvuke, akakaa miaka ishirini na sita bila barua ya onyo, ingawa ulimi wake mnaujua. Alimwoa Tecla Chelangat tarehe 8 Desemba 1962, wakajaliwa mabinti wawili, Jerusa na Sally, walioolewa mbali. Mama Tecla alitangulia mwaka wa 1991, na tangu hapo mzee alijipikia, akala akitazama mteremko, na wa kuongea naye alikuwa ng'ombe.

Mwaka wa 1993 serikali ilitangaza ruzuku kwa wakulima watakaochimba matuta ya kuzuia udongo usishuke mtoni, ilipwe kupitia kikundi, nanyi mkaunda kikundi cha watu kumi na wawili, kila mmoja achimbiwe na wenzake kwa zamu. Mzee alisema wenye watoto wadogo watangulie, zamu yake ikawa ya mwisho, akachimba kwenu nyote kumi na mmoja, siku tatu kwa kila shamba.

Agosti 1994, kabla zamu yake haijafika, mwenyekiti Johana alileta karatasi ya malipo ambayo kila mwanakikundi alitakiwa kuitia sahihi, imeandikwa matuta sitini, na mzee aliyekuwa ameyazunguka yote kwa miguu alijua ni arobaini na moja.

"Weka sahihi tu, mzee, karatasi haina macho," Johana akamwambia.

"Mimi ninayo mawili," mzee akajibu, akairudisha kalamu.

Jina lake likafutwa, fungu lake la ruzuku likagawanywa kati yenu, na jembe la mtu halikuonekana tena kwake.

Alichimba peke yake miaka mitatu, akiwasikia mkicheka ng'ambo ya bonde, na jioni hakuna wa kumuuliza amefika wapi. Mvua kubwa ya Novemba 1997 ilimkuta kwenye tuta la tano, akanyeshewa siku mbili akikataa kuliacha, akashikwa na nimonia, kifua hakikupona tena, akatuacha Ijumaa tarehe 6 Februari 1998, saa nne asubuhi, Sally akiwa bado njiani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mama Akeyo jirani aliyemletea uji, na Bwana Oyugi aliyefanya naye kazi kwenye boila, aliyetoka Kericho mara mbili na jembe lake, na hakuwa hata mwanakikundi.

Lala sasa kwa amani, arap Sigilai, yako umefanya.

Pesa ya serikali aliyeila atajibu huko mbele. Lakini matuta matatu ya chini ya shamba lake bado hayajachimbwa, Jerusa amerudi kulima hapa, na mvua ya Machi haingoji. Kumi na mmoja nyote mko hapa, majembe mliyochimbia kaburi jana yako hapo uani. Kila mmoja anadaiwa siku tatu. Jumatatu, saa moja asubuhi, mje mlipe.