Kibarua wa Miaka Thelathini na Minne

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mkunjo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi seremala na mkewe. Mimi, mdogo wake wa mwisho, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma haya, na familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1972, akafaulu. Mwaka huohuo baba aliumizwa mkono na msumeno, na nafasi ya sekondari ikaenda na maji. Dada alibaki nyumbani akifua nguo za majirani ili sisi wadogo tusome. Hakutusimanga kwa hilo hata siku moja.

Tarehe 2 Mei 1983 alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, upande wa pasi. Chumba kile kiko chini ya ardhi, hakina dirisha, na mvuke wake humtoa mtu jasho kabla hajagusa kazi. Huko ndiko alikopata jina, maana hakuvumilia mkunjo. Aliwahi kumsimamisha bwana harusi mlangoni pa ukumbi, akamvua koti, akamrudishia limenyooka kabla bibi harusi hajashuka garini.

Mwaka 1985 aliolewa na dereva wa gari la mashuka. Shemeji anasimulia kwamba siku alipojikaza kumsemesha, dada aliitazama kola yake, akamwambia, "Vua kwanza hilo shati, ndipo tuongee." Walijaliwa watoto watatu.

Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu. Ulipoisha, alipumzishwa wiki mbili bila malipo, kisha akachukuliwa upya kama mgeni. Ndivyo ilivyokwenda hadi akaota mvi. Mfuko wa pensheni wa hoteli ulikuwa wa wafanyakazi wa kudumu tu, na zile wiki mbili ziliwekwa makusudi asije akahesabiwa miongoni mwao. Mwaka 1998 alimfuata meneja, akamuuliza ataingizwa lini.

"Mama, wewe ni wa muda," meneja akamjibu.

"Wa muda gani, mwanangu? Hapa mimi nilikukuta, au wewe ulinikuta?"

Meneja alicheka sana. Mkataba uliofuata ulicheleweshwa mwezi mzima, na dada hakuuliza tena.

Alijaribu kujiwekea mwenyewe, kwenye kampuni iliyotembeza mawakala wa pensheni. Sharti lao lilikuwa mchango wa kila mwezi bila kuruka. Wiki za kukaa nyumbani zilipofika, hakuwa na cha kuchangia. Aliporuka mara ya tatu wakamfuta, na ada zao zikala karibu yote aliyokuwa ameweka. Wapo wanaosema watu wa kipato kidogo hawajui kujiwekea akiba. Waje waniambie mimi, hapa, leo.

Mwaka 2012 meneja yule alistaafu na pensheni yake. Dada ndiye aliyepiga pasi vitambaa vya meza za sherehe ya kumuaga. Hakualikwa.

Mwaka 2017 hoteli iliikabidhi kazi ya kufua kwa kampuni ya nje, na dada akaambiwa asirudi. Shemeji alikuwa ameshapoteza macho, kwa hiyo dada akaweka meza ya pasi barazani na kuendelea. Miguu ilipoanza kuvimba, daktari alisema moyo umechoka, asisimame.

"Daktari," dada akamwambia, "pasi haipigwi umelala."

Alilazwa tarehe 3 Agosti 2023, akafariki tarehe 9, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa. Barazani tulikuta sare za shule za watoto wa jirani, nusu zimenyooshwa. Binti yake alizimalizia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na sisi wadogo zake wawili. Hoteli imeleta shada la maua, nasi tunashukuru. Utepe wake umeandikwa, "Kwa mfanyakazi wetu mpendwa." Ni mara ya kwanza wanamkubali kwa maandishi.

Dada, Mungu akupe pumziko ambalo binadamu walikunyima.