Ridhaa ya Blagoy

Kwenye tramu jijini Sofia asubuhi ile nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyepakata karatasi za tanzia zenye picha ya mumewe, na utepe wa gundi juu yake. Bwana mwenye mkoba pembeni yake akamwuliza anazipeleka wapi.

"Kituoni, langoni kwangu, na kwa muuza mikate. Leo Blagoy wangu anatimiza miaka mitano kaburini. Kila mwaka nambandika, ndiyo desturi yetu."

"Mama, mimi ni karani bungeni. Sheria tunayoiandaa itakataza kubandika sura ya mtu bila ridhaa yake."

"Basi mtume mbunge wako akamwombe Blagoy ridhaa. Akimpata, anisalimie."

"Usinicheke, mama. Hapo kuna jina, picha, tarehe ya kuzaliwa. Mwizi wa mtandaoni atake nini tena?"

"Amwibe tu! Nimekaa naye miaka arobaini, hakuna aliyejaribu."

Mimi nilijifanya natazama nje, ila nilishajua bibi anaitwa Radka, maana jina lake limeandikwa chini ya tanzia, kama mke wa marehemu.

"Na hiyo simu yako inajua ulipo sasa hivi," bibi akasema. "Nani kairuhusu?"

"Mimi. Nilibonyeza 'Nakubali'."

"Ulisoma masharti kwanza?"

Karani akautazama mkoba wake. "Yalikuwa marefu, mama."

"Makubwa! Karatasi yangu ina mistari sita. Nisipombandika, nani hapa Sofia atakumbuka kwamba alikuwepo?"

Tramu ikasimama, wakashuka wakibishana. Kupitia dirishani nilimwona karani kwenye nguzo ya kituo: mkono mmoja unamnyooshea bibi kidole, wa pili umeibana karatasi kwenye nguzo kwa juu, pale bibi asipofikia, huku bibi akiibandika kwa chini.