Marehemu Hlengiwe MaNtombela, Mlezi wa Mbwa wa Mstari wa Impendle

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Mchunu na wa Ntombela, majirani wa hapa Impendle, na ninyi mliotoka Howick, Kokstad na Durban mkiwa mmeshika kamba za mbwa wenu mkononi, nawaomba walio nje ya hema wasogee karibu, kwa maana ukungu wa asubuhi haujapanda bado na sauti yangu si kubwa. Mimi ni Nonkosi, mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwaeleze dada yetu alizaliwa wapi, alifanya nini, na ametuacha vipi.

Marehemu Hlengiwe Philile alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 hapahapa Impendle, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mbangeni Ntombela, aliyechunga kondoo katika mashamba ya wazungu, na mama yetu MaShezi, wote wawili sasa marehemu. Mimi sikuwepo, lakini nilisimuliwa mara nyingi jinsi alivyopotea akiwa na umri wa miaka minne, siku ukungu ulipoteremka ghafla mchana, ukafunika mlima, zizi na hata mkono wa mtu aliyeunyoosha mbele yake, baba akawa anaita kila upande na sauti inarudi imelowa, mpaka aliposikia kitu kinapigapiga chini ardhini, pu, pu, pu, akafuata mlio ule, akakuta ni mkia wa mbwa wake jike aliyezaa ndani ya shimo la mhanga, na katikati ya watoto wale wa mbwa amelala Hlengiwe, mdomo wazi, shavu juu ya tumbo la mbwa. Alipotolewa alilia kwa hasira, akasema alikuwa ndani ya ndoto ya watoto wa mbwa na wamemtoa kabla haijaisha.

"Huyu mtoto amechanganyikiwa," baba akasema.

"Hajachanganyikiwa," mama akajibu, "ameshiba usingizi. Mlete ndani, ana baridi."

Alianza shule ya msingi hapa Impendle mwaka 1964, akaingia sekondari ya bweni karibu na Bulwer mwaka 1972, na mwaka 1977 akachaguliwa kwenda chuo cha mifugo, ambako alihitimu stashahada ya afya ya wanyama mwezi Novemba 1979, akiwa mmoja wa wasichana wawili tu darasani. Tarehe 15 Januari 1980 aliajiriwa kuwa afisa mifugo, akasimamia majosho ya ng'ombe toka hapa mpaka kwenye vijiji vya juu ambako gari halifiki, akipanda farasi na kubeba chanjo ndani ya chombo chenye barafu, na miaka ile kichaa cha mbwa kilipoingia katika wilaya yetu na kuchukua watoto wa watu, yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango, akichanja kila mbwa aliyekubali kushikwa na wengine wengi waliokataa. Watu walimcheka, wakamwita Mama wa Mbwa, na mzee mmoja jirani yetu alizoea kumwambia kwa sauti mbele ya duka, "Mbwa wako wanafuatwa nyumbani na daktari, MaNtombela, sisi tunakwenda zahanati kwa miguu!" naye akimjibu, "Babu, wewe ukianza kutikisa mkia, nitakufuata na wewe." Alistaafu tarehe 31 Mei 2017 akiwa na heshima zake zote.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Bwana Mandlakayise Mchunu, fundi uashi, aliyekaa mbele yenu hapa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nkosikhona, Lungelo na Nomalanga. Shemeji yangu hakuwa mtu wa mbwa. Alikulia katika nyumba ambayo mbwa hukaa nje na hula kilichobaki, na siku alipoamka akakuta wanne wamelala miguuni pake, alikuja kwa mama yetu kushtaki, akasema, "Mama, mimi nililipa mahari ya mke mmoja, hawa wenzake wametoka wapi?" Mama akamwambia kwamba mali haikataliwi.

Walitoka hivi. Mwezi Agosti 1991 dada alikwenda kuchanja katika shamba la Bwana Rowland Hesketh, aliyekuwa akizalisha mbwa wakubwa wekundu wa kuwindia, wale wenye mstari wa manyoya mgongoni unaoota kinyume na manyoya mengine, akamkuta ameshika ndoo ya maji mkono mmoja na mtoto wa mbwa mkono wa pili, tayari kumzamisha.

"Huyu hana mstari, mama," Bwana Hesketh akamwambia. "Hawezi kupelekwa kwenye maonyesho."

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi mpe mtu asiyetaka kumwonyesha."

"Nani huyo?"

"Huyu aliyenyoosha mkono mbele yako."

Alirudi na mtoto yule ndani ya koti, akamlea, na baada ya mwaka mmoja Bwana Hesketh alipita akamwona alivyonawiri, akamletea jike mwenye mstari, akasema ni bora akae kwa mtu wa namna hii. Hapo ndipo uzao wa Impendle ulipoanza, na tangu hapo dada aliweka taratibu zake ambazo wengi wenu mnazijua kwa sababu ziliwakera, kwamba jike hazai mpaka akomae, na akishazaa anapumzishwa, kwamba kila mtoto anayezaliwa anapitishwa vidole mgongoni kutafuta ule uzi chini ya ngozi ambao kwa mbwa hawa ni kidonda cha kuzaliwa nacho, na mwenye uzi anafanyiwa upasuaji, hatupwi, na kwamba hakuna anayepewa mtoto wa mbwa kabla dada hajaiona nyumba atakayokwenda kuishi. Kuna bwana mwenye mabasi, leo yupo hapa na simtaji jina, alikuja kuchukua mbwa akiwa na mnyororo mpya begani.

"Mnyororo wa nini, Baba?" dada akamuuliza.

"Wa mbwa, mama. Ataulinda uwanja wa mabasi."

"Basi jifunge wewe kwanza juma zima hapo uwanjani, kisha uje uniambie umeona nini."

Bwana yule aliondoka kwa hasira, akarudi baadaye bila mnyororo, akapewa.

Mwaka 2012 alizaliwa Nkungu, dume la rangi ya ngano iliyoiva, ambaye akisimama juu ya kilima asubuhi ulikuwa huwezi kusema ni mbwa au ni jua linajaribu kutoka. Mwaka 2015 alishinda maonyesho makubwa ya Pietermaritzburg, na sisi wa nyumbani tulikwenda na basi zima, tukakaa kwenye nyasi tukila phuthu, ugali wetu mkavu wa mahindi, na maziwa ya mgando, tukimtazama dada na viatu vyake vya kanisani akikimbia taratibu kuzunguka uwanja, mbwa pembeni yake kama kivuli chake mwenyewe, huku mwamuzi akifungua midomo ya mbwa na kuhesabu meno. Kaka yetu mkubwa alishangaa, akauliza, "Yaani kashinda kwa kutembea tu?" na mke wake akamjibu, "Wewe umetembea maisha yako yote, nani amekupa kombe?" Tangu siku ile Nkungu akatakiwa kila mahali, na watoto wake wakaenea toka hapa mpaka Durban.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo dada aliniagiza nisipapite haraka. Mwezi Machi 2017 Nkungu alizaa na jike wa hapa nyumbani, na mmoja wa watoto wale, jike mdogo, alikuwa akishtukashtuka sana usingizini, wajukuu wakamcheka, wakamwita Phupho, yaani Ndoto. Dada alikuwa amestaafu, na starehe yake kubwa ilikuwa kukaa barazani alasiri akiwatazama mbwa wanavyoota, miguu inakimbia katika majani ambayo sisi hatuyaoni, midomo inabweka kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye mbali sana, na alikuwa akisema kwamba kila nyumba ina nyumba nyingine ndani yake, na mbwa ndio wanaojua mlango. Siku moja mwezi Septemba alimtazama Phupho kwa muda mrefu, kisha akamwita mumewe.

"Baba Nkosikhona, njoo umwone huyu. Anayeota hufumba macho."

"Na huyu?"

"Huyu yuko macho. Haoti. Anaumwa."

Daktari wa mifugo, Dokta Ayanda Sokhela, alieleza kwamba ni kifafa cha kurithi, ambacho humpata mtoto aliyekipokea kwa baba na kwa mama, wakati wazazi wenyewe hawaonyeshi dalili yoyote, akachukua damu ikapelekwa kupimwa nje ya nchi, na mwezi Februari 2018 akapiga simu kusema kwamba Nkungu amekibeba, na mama wa Phupho amekibeba. Dada aliweka simu chini, akaenda akakaa kwenye nyasi karibu na Nkungu, na mbwa yule, ambaye hakujua kosa lolote kwa kuwa hakuwa na kosa, akaweka kichwa mapajani pake akalala.

Habari zilimfikia mwenyekiti wa chama cha wafuga mbwa, Bwana Vusumuzi Gcaba, akaja mwenyewe.

"MaNtombela, Nkungu ni mzima, kila mtu anamwona," alisema. "Ya ndani ya damu nani anayaona?"

"Watoto wake wanayaona."

"Ukisema hadharani utaziangusha nyumba zetu zote. Miaka yako ishirini na kitu itakwenda na maji."

"Gcaba, nikinyamaza, watu watazalisha ndugu kwa ndugu bila kujua, na watoto wataanguka mmoja mmoja."

Alipoondoka, dada alimuuliza mumewe, mtu ambaye hakuwahi kuwapenda mbwa, kama anyamaze. Shemeji yangu alifikiri, kisha akasema, "Mimi ni mwashi. Nikiona ufa katika ukuta niliojenga, siupaki chokaa. Namwita mwenye nyumba." Basi tarehe 26 Mei 2018, katika maonyesho yaleyale ya Pietermaritzburg, dada alimzungusha Nkungu uwanjani kama kawaida, watu wakapiga makofi, na kabla mwamuzi hajatoa hukumu aliomba kipaza sauti, akaeleza yote, akasema Nkungu hatazalisha tena, na kila aliyechukua mtoto wake amlete apimwe.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Kwa hiyo ulitupatia kifafa?"

"Ndiyo, Baba," dada akajibu. "Nilikupa bila kujua. Leo najua, ndiyo maana nimesimama."

Alitoka bila kombe, na miaka miwili iliyofuata ilikuwa mizito, wengine walirudisha mbwa wakawaacha langoni hata bila kusalimia, mtu asiyejulikana akapaka rangi ukutani maneno ambayo sitayasoma, na yeye na mumewe wakawa wanazunguka na gari lao dogo kwa kila mwenye mtoto wa Nkungu, wakikaa katika sebule za watu, wakieleza, wakitukanwa, wakinywa chai, wakiondoka. Shemeji ndiye aliyekuwa akimpa Phupho dawa zake ndani ya uji, akimwambia kila mara, "Kula, wewe mtoto wa watu," na hakuna mbwa aliyekula vizuri kuliko yule.

Lakini waliopima walikuta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwamba ugonjwa ulikuwa umetoka mbali, zamani, na ulikuwa katika nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kumwona Nkungu. Mwaka 2020 Bwana Gcaba alikuja tena, akasimama nje ya lango, kofia mkononi, kwa kuwa jike wake aliyempenda kuliko wote alikuwa amekibeba pia.

"Ingia, Gcaba," dada akamwambia. "Mbwa hawaumi. Mimi ndiye sijaahidi."

Waliandika pamoja kanuni kwamba hakuna uzao utakaotambuliwa na chama kabla wazazi hawajapimwa, na leo Bwana Gcaba ni mmoja wa watakaobeba jeneza. Nkungu alifariki mwaka 2022, usingizini, na amezikwa juu kilimani.

Dada alianza kuumwa figo mwezi Oktoba 2023, akawa anapelekwa Pietermaritzburg kusafishwa damu, na mwezi Aprili mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani. Majuma yale ya mwisho alikuwa kati ya huku na kule, akituita majina ya watu na ya mbwa waliokwisha kwenda, akitabasamu, na mara nyingi tuliona miguu yake ikienda polepole chini ya blanketi. Nilitaka kumwamsha, nikidhani ana maumivu, shemeji akanizuia mkono, akasema, "Mwache, Nonkosi, anakimbia." Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, jua lilipofika kitandani, miguu ikatulia. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mbwa tisa ambao wote wamepata nyumba, isipokuwa Phupho, ambaye shemeji amekataa kumtoa.

Familia inamshukuru Dokta Sokhela, madaktari na wauguzi wa figo, mchungaji, majirani waliopika na kulala nasi, maafisa mifugo aliofanya nao kazi, na wanachama wote wa chama cha wafuga mbwa, pamoja na wale waliowahi kumkasirikia. Marehemu alikataza maua. Aliagiza kwamba siku ya mazishi yake iwekwe meza ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nanyi mnaiona pale karibu na zizi, na kwa amri yake hakuna mbwa wa Impendle atakayepita lango lile leo bila kuchanjwa, wala mwenye mbwa hatapewa nyama kabla ya hapo.

Dada, watu wameketi, ukungu unapanda, mbwa wamekula. Lala sasa, pumzika kwa amani, na safari hii hakuna atakayekutoa ndotoni kabla ndoto haijaisha.